Mkalimani wa Posa Yake Mwenyewe

Katika riwaya zote alizoandika, na zilikuwa zinasomwa kwelikweli, hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyemwomba baba yake ruhusa. Wanawake wake walimiliki malori, walirusha ndege, walifungua karakana na kuajiri wanaume. Walipopenda, walipenda wanaume wa kutoka mbali, wenye lugha nyingine na ngozi nyingine na namna nyingine ya kucheka, na ndugu wakileta ubishi walibeba sanduku wakaondoka kichwa juu. Wasomaji walimwandikia kumshukuru. Mhariri wake hakuchoka kumwambia, "Endelea hivyohivyo, na huyo mwanamke asilielie." Na sasa yeye mwenyewe, mtunzi wa hayo yote, alikuwa jikoni kwa baba yake Jumapili alasiri, anafuta kikombe alichokwisha kukifuta, kama mtoto aliyevunja sahani.

"Hicho kikombe kitatoboka," alisema Shangazi, dada wa baba yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda na kujihudumia biskuti za mgeni kabla mgeni hajafika.

"Shangazi, niache."

"Nikuache vipi? Yule mwanamke wako wa karakana aliwafukuza wajomba zake kwa spana. Nilisoma nikasimama mwenyewe chumbani nikapiga makofi! Wewe unatetemeka kwa mtu mmoja, tena kaka yangu, mtu ambaye hajawahi kumchapa hata paka."

"Ndiyo maana natetemeka."

Shangazi alicheka, akidhani ni utani. Pale nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwandishi, jina lililoanza kama kejeli siku alipoacha kazi ya ofisini, na likabaki kama pambo vitabu vilipoanza kuuzwa. Lakini vitabu peke yake havikuwa vinalipa kodi. Kodi ililipwa na vijitabu vya mashine, vile vinavyokuja ndani ya boksi na hakuna anayevisoma. Alijifunza lugha ya kigeni chuoni, akawa anatafsiri maelekezo ya majokofu, ya pampu za maji, na mwaka jana ya lifti. Kampuni ya lifti ilimtuma fundi wao, mgeni, amweleze kila kifaa kinafanya nini ili asije akakosea. Fundi huyo alimpandisha mpaka chumba cha mashine juu ya paa, akamwonyesha jinsi uzito wa chuma unavyoshuka upande mmoja ili watu wapande upande wa pili, akamweleza taratibu, bila haraka, akingoja kila mara mpaka aone ameelewa. Mwandishi alishuka kutoka juu ya paa lile akiwa amekwisha. Hakuwa na neno jingine la kusema, na maneno ndiyo kazi yake.

Sasa mkataba wa Fundi ulikuwa unamalizika. Mama yake alikuwa mgonjwa, amebaki peke yake kwenye nchi ya baridi, na Fundi alikuwa amekata kauli kurudi. Alitaka arudi na Mwandishi. Mwandishi alikubali huku analia kwa furaha, kisha akamwambia, "Nipe muda nimwandae Baba." Ikawa kila anapokwenda kumwandaa Baba, anaishia kumpigia pasi mashati. Baba alikuwa mjane. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, huyuhuyu. Mwandishi alitaka kuondoka na alitaka kubaki, vyote viwili kwa nguvu sawa, na siku zikayoyoma mpaka Fundi mwenyewe akasema inatosha, nakuja Jumapili kuzungumza na mzee wako kama mwanamume.

Kwa hiyo Fundi alikuwa anakuja kuomba ruhusa ya kumchukua, na Baba, aliyekuwa ameambiwa tu kwamba mchumba anakuja, alikuwa anangoja mkwe wa kuja kukaa karibu. Katikati yao palikuwa na mtu mmoja tu anayejua lugha zote mbili.

Fundi aligonga mlango akiwa na viatu vinavyong'aa na shati lililofungwa mpaka kooni. Salamu alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, na akainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Jamani, kumbe ana adabu!"

Baba akatoka chumbani kwake akifunga kifungo cha mkono wa shati. Fundi akamgeukia, akainama vilevile, akasema kwa sauti ileile, "Shikamoo, Shangazi."

Shangazi alishika ukuta. Alicheka mpaka machozi, akajipangusa kwa upindo wa gauni, akacheka tena. Baba naye alijaribu kujikaza, tabasamu likamponyoka. Fundi alisimama pale masikio yamemwiva, anamtazama Mwandishi kwa yale macho yake ya kuomba msaada, na Mwandishi alihisi moyo unamwuma kwa jinsi alivyompenda wakati ule.

Baba alimpa mkono, akamwangalia kichwani kwa muda. Alikuwa kinyozi tangu ujana wake, na hakuwa na njia nyingine ya kumtazama mtu.

"Nani kamnyoa huyu? Upande huu kafyeka, upande huu kaacha kichaka."

"Anasema nini?" Fundi aliuliza kwa lugha yake.

"Anasema karibu sana, umependeza," Mwandishi alijibu.

Hapo ndipo ilipoanzia, na wala hakuona kama ni kosa. Ilikuwa ni mazoea ya kazi. Kwenye vijitabu vya mashine hakuwa anaongeza neno, kwa sababu mtu anaweza kubanwa na mlango. Lakini mazungumzo ya wapendanao hayajawahi kupita mikononi mwake yakabaki kama yalivyo. Watu wanaoongea kweli hurudiarudia, hukohoa, husema la kuumiza ambalo hawakulikusudia. Kazi yake ilikuwa kupunguza hapa na kuongeza pale mpaka wahusika wapendane. Alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote aliyemjua.

Waliketi. Baba kwenye kiti chake cha siku zote, Fundi mkabala naye, nusu ya makalio nje ya kiti kwa woga. Mwandishi akawa katikati, kwenye stuli, magoti yake karibu yaguse ya huyu na ya yule.

"Muulize wazazi wake wazima?" Baba alianza.

Fundi alieleza bila kuficha, kama alivyokuwa akieleza kila kitu. Baba yake aliondoka yeye akiwa mdogo, hawajui alipo. Dada yake hawasemezani na mama kwa miaka sasa. Mama anaumwa kifua, na majirani ndio wanaomwangalia.

"Anasema baba yake hayupo," Mwandishi alitafsiri. "Amebaki mama yake na dada yake. Wako pamoja, wanapendana sana."

"Ah, maskini. Vizuri. Mama akiwa na binti hana shida," Baba alisema, na akamtazama binti yake mwenyewe, haraka, kisha akatazama chini.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anampa pole mama yako."

Fundi aliweka mkono kifuani kushukuru. Shangazi akaleta chai. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na Mwandishi alianza kupumua. Alifikiri, labda nitayapeleka hivi polepole mpaka wapendane, na wakishapendana nitawaambia wote wawili, watanisamehe. Katika vitabu vyake mgeni hujifunza lugha ndani ya aya moja, na aya inayofuata anataniana na wakwe. Kumbe kuna miezi mizima katikati, na ndani ya miezi hiyo mtu anaweza kuzama.

Fundi aliweka kikombe chini. Alijipanga kwenye kiti, akamtazama Baba usoni, akaanza kusema. Alisema kwa utaratibu, akimpa Mwandishi nafasi, jinsi alivyokuwa akimweleza habari za lifti. Alisema anampenda binti huyu. Alisema anajua ni mtu anayejitegemea na hahitaji kuombewa ruhusa, lakini yeye anataka kuomba. Kisha sauti ikamkwama kidogo. Alisema, "Na ninakuomba unisamehe, mzee wangu, kwa sababu ninampeleka mbali. Najua ninachokuondolea. Nisingekuwa na mama mgonjwa nisingefanya hivi."

Mwandishi aliyasikia maneno hayo akatamani ayabusu. Yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kumwandikia mwanamume kitabuni. Akamgeukia baba yake.

"Anasema ananipenda, Baba. Anasema ninajitegemea, hata hivyo yeye anaona ni heshima kukuomba."

Alingoja ulimi wake umalizie. Ulimi haukutaka.

Baba aliinua nyusi. "Ndiyo hayo tu? Mbona yeye kasema marefu?"

"Lugha yao ndivyo ilivyo, Baba. Inazunguka."

"Ehee," alidakia Shangazi kutoka mlangoni, "kama redio isiyokuwa na matangazo ya biashara, haipumziki." Akacheka peke yake.

Baba hakucheka. Alikuwa anamtazama Fundi, na macho ya Fundi yalikuwa yamelowa. Mzee aliyaona machozi yale akayapokea kama heshima, akaguswa. Alisogeza kikombe pembeni. Akatoa mkono wake wa kulia kutoka mapajani, mahali alipokuwa ameuficha tangu waketi, akaunyoosha mbele yao juu ya meza.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemeko wa mtu mwenye wasiwasi. Ulikuwa unacheza wenyewe, vidole vinagongagonga meza, na Baba anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Baba?" Mwandishi alisema. "Hii imeanza lini?"

"Ina siku. Nilikuwa naushika na huu mwingine, wateja hawaoni. Juzi nimemkata mtu sikio. Mteja wangu wa zamani, hakusema kitu, alinilipa akaenda zake akiwa ameshika kitambaa. Nimefunga kibanda. Nimewaambia watu nakarabati."

"Kaka!" Shangazi aliweka chini sinia. "Hata mimi hukuniambia?"

"Ningekwambia ungetangaza." Alimgeukia binti yake. "Sikutaka uache kuandika ukaja kukaa hapa unanilisha kwa kijiko. Lakini kwa kuwa leo mwenzako amekuja na moyo mweupe, na mimi niseme langu. Mwambie nampenda. Mwambie mimi sina shida na ugeni wake, wala lugha yake, wala rangi yake, wala hayo mengine wanayosema watu. Nina ombi moja tu. Asinichukulie mwanangu akaenda naye. Wakae hapahapa mjini, popote wanapotaka, siwaingilii. Niwe najua tu kwamba mkono huu ukinishinda kabisa, kuna mlango wa kugonga. Mwambie hivyo."

Fundi alikuwa anautazama ule mkono kwa huruma, anangoja.

Kama angekuwa mmoja wa wanawake wake wa vitabuni, huu ndio wakati ambao angesimama katikati ya chumba akasema kweli yake yote kwa sauti ya juu, wanaume wakabaki midomo wazi. Mwandishi alikuwa ameandika hotuba kama hizo nyingi, akijua mahali pa kuweka nukta na mahali pa kuweka machozi. Aliitafuta moja. Alichokipata kichwani ni mkono wa baba yake ukiwa imara, umemshika kidevu alipokuwa mtoto, unamkata nywele za paji la uso bila kumwachia alama.

"Anasemaje?" Fundi alinong'ona. "Anaumwa? Anasemaje?"

"Anasema anazeeka," Mwandishi alisema. Sauti haikuwa yake. "Anasema anakupenda. Anakuamini."

Uso wa Fundi ulifunguka. Akaongea haraka sasa, kwa furaha, hata hakungoja. Mwambie tutakuja kila mwaka. Mwambie nyumba ina chumba cha ziada, naye atakuja kukaa nasi muda wowote apendao, nitamtafutia daktari mzuri wa mkono huo. Mwambie sitamwacha.

"Anasema hatakuacha, Baba. Anasema tutakuwa na wewe."

Baba alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine, amepungua miaka. Aliinuka, Fundi akainuka, na mzee akaushika mkono wa kijana kwa mikono yake yote miwili, ule mzima na ule unaotetemeka. Walisimama hivyo, wanatazamana na kutikisa vichwa, wanaume wawili waliomwaminia yeye kila neno. Shangazi alikuwa analia waziwazi.

"Haya ndiyo ya kuandika kitabuni," Shangazi alisema. "Haya hasa!"

Mwandishi aliwatazama watu hawa wakipendana, kama alivyotaka, na kila kitu walichokuwa wanakishangilia amekitunga yeye. Alijua lazima aseme. Alijua pia kwamba hawezi. Alibaki kwenye stuli yake, mikono katikati ya magoti, akiomba kitokee chochote, umeme ukatike, jirani agonge hodi.

"Sasa," Baba alisema, bado amemshika Fundi, "nataka kitu kimoja. Si kwamba nakutilia shaka wewe, mwanangu. Lakini neno la namna hii mtu hulisema mwenyewe. Mfundishe aniambie kwa kinywa chake, nilisikie. Maneno machache tu. 'Baba, sitamwondoa hapa binti yako.' Mfundishe polepole, nitangoja."

Fundi alimgeukia akitabasamu. "Anataka nini?"

Mwandishi alifungua mdomo. Uongo ulikuwepo, tayari, tena mwepesi: anataka umwambie kwa lugha yetu kwamba utanitunza. Fundi angesema. Angelitamka neno moja baada ya jingine kwa lafudhi yake, akiwa amekaza macho kama mwanafunzi, na Baba angelia. Baada ya hapo mwanamume huyu angekuwa amemwapia baba yake jambo ambalo hata halijui. Kuyapamba maneno ya mtu aliweza. Kumlisha mtu kiapo hakuweza. Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake, na alishangaa kuona kwamba hata yeye ana mwisho.

"Anataka uape," alisema taratibu, kwa lugha ya Fundi, bila kumtazama, "kwamba hutaniondoa hapa."

Fundi hakuelewa mara moja. Alitabasamu bado, kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. "Lakini amekwisha kubali. Umesema amekubali."

"Sikumwambia."

"Hukumwambia lipi?"

"La safari. Sikumwambia la safari."

Fundi aliuchomoa mkono wake kutoka mikononi mwa Baba. Hakuuchomoa kwa nguvu. Aliutoa polepole, kama mtu anayetoa mkono kutoka kwa mgonjwa aliyelala. Lakini kinyozi mzee hakuhitaji mkalimani kulielewa hilo.

"Umemwambia nini?" Baba aliuliza.

"Umekuwa unamwambia nini muda wote huu?" Fundi aliuliza.

Waliuliza kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye. Mwandishi aliwatazama, huyu, kisha yule. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Kwa mara ya kwanza tangu wakutane, Baba na Fundi walikuwa wamesema jambo moja, na hakupata nguvu ya kumwambia hata mmoja wao.

Fundi alingoja. Alipoona hapati jibu, alimgeukia mzee akakusanya maneno machache aliyokuwa nayo, yale ya sokoni na ya kazini, akayapanga alivyoweza.

"Baba. Mimi naenda nyumbani. Mama mgonjwa." Akajigusa kifua, akamwonyesha Mwandishi. "Mimi na yeye. Pamoja. Mbali." Alitafuta neno, akakosa, akalipata. "Samahani. Mimi nasema samahani. Yeye hapana sema."

Biskuti iliyokuwa mkononi mwa Shangazi ilianguka sakafuni na hakuiokota.

Baba alirudi kwenye kiti chake. Aliketi kwanza kwa kushika mkono wa kiti, kisha akajiweka sawa, na ule mkono wake akaurudisha mapajani, akaufunika na mwingine.

"Kwa hiyo hiyo sentensi ndefu," alisema mwishowe, "ndiyo ilikuwa hiyo."

"Baba, nilitaka—"

"Sijakuuliza ulitaka nini. Tafsiri." Hakupandisha sauti. Mwandishi angeshukuru kama angepandisha. "Utanitafsiria neno kwa neno. Na safari hii usinisaidie."

"Baba, tafadhali."

"Mwambie akae, chai yake inapoa. Mwambie hana kosa."

Mwandishi alimwambia. Fundi akaketi.

"Mwambie alikuja mlangoni kwangu na ukweli wake, na mimi sikuupata. Na mimi nilimwonyesha mkono wangu, kitu ambacho sijamwonyesha hata dada yangu, na yeye hakuambiwa nilisema nini. Mwambie sote wawili tumetendewa hivyo kwenye meza moja."

Alitafsiri. Kila neno. Aliona jinsi Fundi alivyoutafuta ule mkono kwa macho na kuukosa, sasa umefunikwa.

"Kaka, basi," Shangazi alisema. "Mtoto alikuwa anaogopa."

"Mimi pia naogopa," Baba alisema. "Mwambie kwamba huyu binti nimemlea mwenyewe. Leo amenidanganya mimi kwa sababu anakupenda wewe, na amekudanganya wewe kwa sababu ananipenda mimi. Mwambie."

Mwandishi alijaribu. Alifika katikati akaishia hapo.

"Malizia."

Alimalizia. Sauti ilikuwa ndogo, lakini maneno yalikuwa kamili, kama vile anavyotafsiri maonyo ya mashine. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa, upande ule ulionyolewa vibaya umeelekea dirishani.

"Sasa mwambie hili, halafu nimemaliza. Mimi ni baba yake, sina hiari. Akinidanganya kesho na keshokutwa, bado nitamfungulia mlango. Wewe unayo hiari. Akitaka kwenda nawe, aende, mimi sitamshika mguu. Lakini utakuwa huko mbali na yeye peke yenu, na kuna siku utamwuliza jambo, na utakuwa hujui kama amekujibu au amekutungia. Muulize, akiwa anajua hayo, bado anakutaka?"

Mwandishi alimtazama baba yake. Alitazamia kuona hasira usoni pale, walau hiyo angeweza kuipinga. Aliona uchovu, na upendo, na jambo ambalo hakutaka kulipa jina. Akamgeukia mwanamume aliyempenda. Akamuuliza, kwa lugha ya mwanamume huyo, kwa kinywa chake mwenyewe, neno kwa neno, kama bado anamtaka.

Fundi aliinua kichwa. Walitazamana. Yalikuwa ni macho yaleyale ya juu ya paa, macho yanayongoja mpaka yaone umeelewa, na Mwandishi aliyasihi kwa macho yake, akasema nayo kila ambacho kinywa kilikuwa kimepoteza haki ya kukisema. Sema ndiyo. Nipige, nitukane, nyamaza mwezi mzima, halafu sema ndiyo. Fundi aliunyoosha mkono kidogo kuelekea kwake. Kisha akaurudisha, akauweka kwenye goti lake. Akasema maneno mawili matatu, kwa sauti ya chini.

Baba alingoja. Shangazi alingoja, kiganja mdomoni. Hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Lolote ambalo angewaambia sasa wangelichukua, na Fundi asingeweza kulikanusha.

"Anasemaje?" Baba aliuliza.

Mwandishi alipangusa uso kwa kiganja.

"Anasema hajui, Baba."